Uliza Kinachomzuia: Namna ya Kuandika Maswali Kuhusu Ulemavu na Ushiriki wa Umma

Bajeti ya kaunti ina tarehe zake. Mpango wa maendeleo wa mwaka hufikishwa katika bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, mwelekeo wa mikakati ya fedha kufikia 28 Februari, na makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili. Katika safari hiyo wananchi huitwa kutoa maoni, na mara nyingi mtu fulani katika wadi, shule, zahanati au kikundi cha kujisaidia hukabidhiwa kazi ya kuandika hojaji na kuambiwa: “Usisahau watu wenye ulemavu.”

Somo la toleo hili ni la mtu huyo. Halihitaji shahada ya takwimu. Linahitaji kukumbuka jambo moja: fomu haihesabu watu waliopo, huhesabu watu waliojitambua katika swali. Mfano wetu utakuwa Embulbul, au Bulbul kama wengi wanavyoiita, karibu na mji wa Ngong, ambako watu wa lugha nyingi huishi mlango kwa mlango na wengi wao hushinda kazini Nairobi.

SWALI LIKIBADILIKA, HESABU HUBADILIKA

Sensa ya 2009 ilihesabu Wakenya 1,330,312 wenye ulemavu, yaani asilimia 3.5 ya watu wote. Sensa ya 2019 ilitoa asilimia 2.2 ya watu wa miaka 5 na zaidi, karibu watu 900,000. Haingii akilini kwamba katika miaka kumi, huku idadi ya watu ikiongezeka, watu 400,000 wenye ulemavu walitoweka. Kilichobadilika ni kipimo. Mwaka 2009 watu waliulizwa aina ya ulemavu walio nao. Mwaka 2019 waliulizwa kuhusu ugumu wa kufanya shughuli za kila siku, na waliohesabiwa kuwa na ulemavu ni wale waliosema wana ugumu mkubwa au hawawezi kabisa. Watoto wa chini ya miaka 5 hawakuingia katika hesabu hiyo.

Zambia inaonyesha jambo hilo kwa uwazi zaidi. Katika utafiti wa 2006, majibu ya watu walewale yalitoa asilimia 2.4 kwa kuhesabu wasioweza kabisa, asilimia 8.5 kwa kuongeza wenye ugumu mkubwa, na asilimia 14.5 kwa kuongeza wenye ugumu kiasi. Shirika la Afya Duniani linakadiria asilimia 16 ya watu duniani.

Chukua ukumbi wenye watu 200. Kwa kipimo cha asilimia 2.2, utatarajia watu wanne wenye ulemavu. Kwa kipimo cha asilimia 16, utatarajia 32. Fedha za mkalimani wa lugha ya ishara, za rampu na za nakala zenye maandishi makubwa hupatikana au hukosekana kwa tofauti hiyo. Ni kweli kwamba haki haingoji idadi: Kifungu cha 54 cha Katiba kinampa hata mtu mmoja haki ya kufikia mahali, usafiri na habari. Lakini bajeti hupangwa kwa idadi, kwa hivyo anayeandika swali anashika sehemu ya bajeti mkononi.

USIULIZE “JE, WEWE NI MLEMAVU?”

Swali hili ni fupi, na ndilo linaloficha watu wengi zaidi. Mama wa miaka 70 asiyeona vizuri atajibu hapana, kwa kuwa kwake huo ni uzee tu. Kijana asiyesikia vizuri sikio moja atajibu hapana, kwa kuwa anafikiria mtu wa kiti cha magurudumu. Ukiuliza “Je, kuna mlemavu katika nyumba hii?” mwenye nyumba anaweza kumficha mtoto kwa aibu, au kumtaja kwa matumaini ya msaada. Kila mmoja amejibu swali lake mwenyewe, si lako.

Lugha huongeza tatizo. Mtafiti Aud Talle, aliyefanya kazi miongoni mwa Wamaasai wa Kenya, aliandika mwaka 1995 kuhusu neno olmaima, ambalo ndilo la Kimaasai lililo karibu na “mlemavu” lakini hasa humlenga mtu mwenye tatizo la viungo. Mhoji akilitumia neno hilo kama tafsiri, kiziwi na mwenye ugumu wa kukumbuka hupotea kabla ya kalamu kugusa karatasi.

Katiba yenyewe, katika Kifungu cha 260, haikufunga maana ya ulemavu kwenye viungo. Inataja kasoro au hali ya mwili, hisi, akili au nafsi yenye athari kubwa au ya muda mrefu katika shughuli za kawaida za mtu, au inayodhaniwa na jamii kuwa na athari hiyo. Basi tuulize kuhusu shughuli.

MASWALI SITA YA MSINGI

Kundi la Washington kuhusu Takwimu za Ulemavu, lililoundwa mwaka 2001 chini ya Umoja wa Mataifa, lilitayarisha maswali sita yanayotumika katika sensa za nchi nyingi, Kenya ikiwemo. Kwa Kiswahili cha kawaida yanaweza kuulizwa hivi:

1. Je, una ugumu wa kuona, hata ukivaa miwani?
2. Je, una ugumu wa kusikia, hata ukitumia kifaa cha kusaidia kusikia?
3. Je, una ugumu wa kutembea au kupanda ngazi?
4. Je, una ugumu wa kukumbuka mambo au kuweka mawazo mahali pamoja?
5. Je, una ugumu wa kujitunza, kama vile kuoga au kuvaa nguo?
6. Je, ukitumia lugha yako ya kawaida, una ugumu wa kuwaelewa wengine au wa kueleweka?

Majibu ni manne: hakuna ugumu, ugumu kiasi, ugumu mkubwa, siwezi kabisa. Msomee mtu yote manne kila mara. Ukimpa “ndiyo” na “hapana” pekee, mwenye ugumu kiasi ataangukia upande wowote na hutajua ni upi. Usitaje neno “ulemavu” kabla ya maswali haya. Katika ripoti, andika ni majibu yapi uliyoyahesabu, ili asomaye asilinganishe yasiyolingana.

Maswali sita hayamalizi kila kitu. Hayagusi moja kwa moja huzuni nzito, wasiwasi na hali nyingine za afya ya akili. Ualbino nao huhitaji swali lake, kama ilivyofanywa katika sensa ya 2019. Kwa watoto wa miaka 2 hadi 17, tumia maswali ya UNICEF na Kundi la Washington yaliyotolewa mwaka 2016, ambayo huulizwa mama au mlezi. Mtoto wa miaka mitatu hupimwa na wa umri wake, si na mtu mzima.

HAMISHA LAWAMA KUTOKA KWA MTU

Kufikia hapa tunajua nani ana ugumu. Bado hatujui kwa nini hakuja kwenye mkutano. Hapa ndipo hojaji nyingi hupotea, kwa kuuliza: “Je, ulemavu wako unakuzuia kuhudhuria mikutano ya umma?” Mtu akijibu ndiyo, kaunti haina la kufanya, maana tatizo limeandikwa mwilini mwake.

Mwaka 1990 msomi Mwingereza Mike Oliver, aliyekuwa akitumia kiti cha magurudumu, alichukua maswali ya utafiti wa serikali ya nchi yake na kuyageuza. Pale watu walipoulizwa ni maradhi gani yanayowafanya washindwe kushika au kufungua vitu, yeye aliuliza ni kasoro gani za mitungi, chupa na makopo zinazowapa taabu. Mtu ni yuleyule na mkono ni uleule, lakini jibu la pili linampa fundi kazi ya kufanya.

Nasi tufanye vivyo hivyo. Ufuate mkutano kuanzia habari inapotoka hadi maoni yanapoandikwa, na kila hatua iwe na swali lake.

Habari: Mkutano uliopita wa maoni ulipotangazwa, ulipata habari kwa njia gani? Je, ilikufikia kwa namna unayoweza kusoma, kusikia au kuelewa? Gari la kipaza sauti halimfikii kiziwi, na bango la ofisini halimfikii kipofu.

Safari: Kutoka nyumbani hadi mahali pa mkutano, ni sehemu gani ya njia ilikuwa ngumu au ilikushinda? Acha nafasi ya jibu. Mmoja atataja mtaro usio na kivuko, mwingine matatu isiyosimama ikiona kiti cha magurudumu, mwingine nauli ya bodaboda ya kwenda na kurudi.

Mlango: Ulipofika, je, uliweza kuingia, kukaa na kutumia choo bila kubebwa? Haya ni mambo matatu, kwa hivyo yaandike kama maswali matatu.

Mkutano: Je, uliweza kufuata yaliyosemwa? Je, ulipewa nafasi ya kuzungumza? Je, kuna aliyekuzungumzia bila wewe kumtaka?

Baadaye: Je, ulipata kujua maoni yako yalifanyiwa nini?

Weka muda katika kila swali, kwa mfano miezi 12 iliyopita. Ukiuliza “huwa unahudhuria?” wengi watajibu kwa adabu badala ya kwa kumbukumbu.

MULIZE NA ASIYEKUJA, MULIZE NA ASIYE NA UGUMU

Hojaji inayogawiwa mlangoni mwa ukumbi huwapata waliovishinda vizuizi vyote, na jibu lake huwa “hakuna tatizo”. Asiyekuja yuko nyumbani. Nenda huko, kwa nyumba zilizochaguliwa kwa mpango, si zile zilizo kando ya lami pekee.

Waulize watu wote maswali yaleyale. Katika Embulbul, wengi hukosa mkutano wa Jumatano asubuhi kwa sababu wako kazini. Ukiwahoji wenye ulemavu pekee, utadhani kukosa kwao kote kunatokana na ulemavu. Ukiwahoji wote, utaona kizuizi cha kila mtu, ambacho ni saa ya mkutano, na kizuizi cha ziada kinachowapata baadhi tu. Cha kwanza kinaondolewa kwa kubadilisha ratiba, cha pili kwa rampu au mkalimani.

NANI AJIBU, NA MBELE YA NANI

Mwenye ulemavu ajibu mwenyewe kadiri inavyowezekana. Kiziwi anayetumia Lugha ya Ishara ya Kenya aletewe mkalimani, si dada yake, maana huenda dada ndiye sehemu ya jibu. Kama mtu mwingine amejibu kwa niaba, fomu ionyeshe hivyo.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu habari za afya ya mtu kuwa data nyeti. Omba ridhaa kwa lugha anayoielewa, mweleze anaweza kukataa, usiandike jina kama hulihitaji, na usihoji uani majirani wakisikiliza. Mwambie pia wazi kwamba huu si usajili wa Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu na kwamba fomu haitaleta kiti wala pesa. Anayeahidiwa kitu hujibu kwa ajili ya kitu hicho.

JARIBU KABLA YA KUCHAPISHA

Hojaji ikiwa tayari, mpe mtu mmoja aitafsiri kwa Kimaasai au Kikuyu, na mwingine asiyeiona ya Kiswahili airudishe kwa Kiswahili. Yasipolingana, rekebisha. Kisha keti na watu watano au sita wenye aina mbalimbali za ugumu, uwasomee kila swali na kuwauliza: “Kwa maneno yako, hapa nimekuuliza nini?” Saa mbili za kazi hiyo zinaokoa fomu 500.

ZOEZI

Rekebisha maswali haya kabla ya kusoma majibu.

A. “Je, unakubali kwamba kaunti imefanya juhudi nzuri kwa walemavu?”
B. “Je, ukumbi unafikika na mkalimani huwepo?”
C. “Kwa nini watu wenye ulemavu hawapendi kuja mikutanoni?”

Swali A linamwekea mtu jibu mdomoni. Uliza ni jambo gani moja lililorahisisha ushiriki wake katika miezi 12 iliyopita, na gani lililouzuia. Swali B ni maswali mawili, na mwenye rampu bila mkalimani hana pa kutia alama. Litenganishe. Swali C limekwisha kuamua kwamba hawapendi. Uliza kama mtu alitaka kuja mkutano uliopita, kama alikuja, na kama hakuja, nini kilimzuia.

Majibu yakishakusanywa, yapange kwa vizuizi, si kwa aina za ulemavu, na kando ya kila kizuizi andika ofisi inayoweza kukiondoa na mwaka wa fedha wa kukiondoa. Kisha wasomee matokeo waliohojiwa, katika mahali wanapoweza kuingia.