Dondoo muhimu: Kufundisha watu wazima Kiingereza kwa habari za mtaa wao

Mbarara, Uganda, ilipata hadhi ya jiji Julai 2020, Biharwe ikiwa ndani yake. Makazi ya Nakivale nayo yamepokea wakimbizi tangu mwishoni mwa miaka ya 1950. Mabadiliko hayo ni somo tosha.

• Anza na wanachokijua: barabara, foleni ya maji, soko la Base Camp huko Nakivale.
• Wajadiliane kwanza kwa Kiswahili, kisha kwa Kiingereza.
• Wape sentensi ya kuanzia: “There used to be… Now there is…”
• Wachore ramani ya mtaa wawili wawili, waelekezane njia.
• Usimkatize anayezungumza. Andika makosa, myasahihishe pamoja mwishoni.
• Usimlazimishe mtu kusimulia alivyokimbia kwao.
• Mmalize kwa barua fupi kwa mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji), ya kuomba mtaro au taa.