Furaha ya Ubingwa Uliongojwa Sana

Katika makala haya nataka kueleza jambo ambalo kila mmoja wetu amelishuhudia hapa Tunduma, lakini wachache wamekaa wakalifikiri. Kwa nini watu walio zaidi ya kilomita 900 kutoka Dar es Salaam hufurahi hata kutoa machozi timu yao ya huko inapotwaa ubingwa wa ligi baada ya kuukosa kwa miaka? Mimi naona sababu ni tatu.

Kwanza ni kungoja kwenyewe. Simba walitwaa ubingwa msimu wa 2011/12, kisha wakaukosa misimu mitano, mpaka 2017/18. Kuanzia msimu huo wakaushika misimu minne mfululizo, na ikawa zamu ya Yanga kungoja mpaka 2021/22. Miaka hiyo si mingi katika kalenda, lakini mpenzi wa timu hahesabu kwa kalenda. Huhesabu kila asubuhi aliyochekwa kwa kinyozi, sokoni na kisimani. Mtoto aliyekuwa darasa la kwanza Yanga walipokuwa mabingwa mwaka 2017, alikuwa darasa la sita walipoupata tena.

Pili, ligi ni hesabu. Timu 16 hucheza michezo 30 kila moja; ushindi ni pointi 3 na sare pointi 1. Msimu wa 2021/22 Yanga walishinda michezo 22, wakatoka sare 8, wala hawakufungwa hata mmoja. Yaani 22 × 3 + 8 = 74. Lakini tarehe 15 Juni 2022, walipoifunga Coastal Union 3–0, walikwisha fikisha pointi 67 na michezo mitatu imebaki, wala hapakuwa na timu ya kuwafikia. Ndiyo maana wiki zile hata mwanafunzi anayelikimbia somo la hisabati hujumlisha na kutoa bila kalamu.

Kwa sababu hiyo siku ya ubingwa yaweza kumshangaza mgeni. Mwezi wa Mei 2018 Simba walipata ubingwa bila kugusa mpira: Yanga walifungwa 2–0 na Tanzania Prisons katika uwanja wa Sokoine, Mbeya, na hesabu ikaisha. Siku Simba walipokabidhiwa kombe walifungwa 1–0 na Kagera Sugar, na kombe likainuliwa vilevile. Yanga nao walikabidhiwa lao hapo hapo Sokoine, tarehe 25 Juni 2022, baada ya sare ya 1–1 na Mbeya City. Je, watu walishangilia nini? Si mchezo wa siku ile. Walikuwa wakitua mzigo walioubeba miaka.

Tatu, furaha hii yahitaji jirani. Simba na Yanga huitwa watani wa jadi, na utani, kama wazee watufundishavyo, una sheria yake: mtani hukutania mpaka ukose pa kujificha, lakini msibani ndiye wa kwanza kufika. Mtu aliye peke yake porini, timu yake ikishinda, atamtania nani?

Hapo ndipo penye hatari. Vitanda vya bweni letu ni vya ghorofa, na mara nyingi wa juu ni Simba na wa chini ni Yanga. Nimewaona wawili waliokuwa wakisoma pamoja wakaacha kusalimiana muhula mzima, kwa kuwa mmoja aliiacha timu ya mwenzake akataja umaskini wa nyumbani kwao. Sisi watu wa Tunduma twajua maana ya mpaka. Nakonde, nchini Zambia, ni ng'ambo tu, na watu huvuka kila siku, lakini kwa utaratibu.

Tena, mpanda ngazi hushuka. Yanga waliutwaa ubingwa tena mwaka 2023, 2024 na 2025, na waliokuwa wakicheka mwaka 2021 wakaonja kungoja. Basi, ndugu yangu, timu yako ikishinda, imba mpaka sauti ikauke, mhesabie mwenzako mabao moja moja. Ila kesho yake asubuhi, kabla ya neno lolote la mpira, mjulie hali.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne