Usiziache Nguvu Zako Lusahunga

Wadogo zangu, leo nazungumza na ninyi mlioko vyuoni na mnaojiandaa kuondoka. Unatoka Rulenge, Kabanga, Murgwanza, Nyakahura au Runazi, huku kwetu Ngara na Biharamulo, na unaelekea Mwanza, Dodoma, Dar es Salaam au chuo kilicho karibu na kwenu, yote sawa. Nataka tuongee juu ya mwili wako. Ada ina mtu wa kuidai na mtihani una tarehe yake, lakini mwili hunyamaza mpaka siku unapoanguka.

Ninachoamini ni hiki: mtoto wa kwetu hafiki chuoni akiwa hajui kuishi vizuri. Amekua akipanda vilima kwenda shule na kisimani, akila ndizi na maharage, akilala mapema kwa sababu kesho kuna shamba. Basi likishapita Lusahunga, mambo hayo yote anayaona ya kishamba na kuyaacha. Akifika mwaka wa pili anatafuta kwenye simu mtu wa kumfundisha kula na kulala.

Tuanze na chakula, maana ndiko mnakoumia zaidi. Kila chuo kina mabingwa wa pasi ndefu: asubuhi hakuna kitu, mchana maji, jioni ndipo sahani moja ya wali iliyofurika. Nawaelewa. Fedha ya chakula na malazi ya Bodi ya Mikopo imekuwa 10,000 kwa siku tangu mwaka wa masomo wa 2022/23, na humo humo mnalipa chumba, mnanunua sabuni, na wengine mnamtumia mdogo aliye sekondari. Wapo pia wasio na mkopo kabisa. Lakini litazameni bumu linavyokwenda: wiki ya kwanza chipsi kuku na soda kila jioni, wiki za mwisho kukopa kwa mama ntilie. Tumbo halili leo kwa ajili ya mwezi ujao. Ukikaa darasani tangu saa mbili asubuhi mpaka saa nane bila kutia kitu mdomoni, mwalimu anafundisha na wewe unasikiliza njaa.

Basi anza na kilichopo nyumbani. Kwetu maharage yapo. Ukiwa likizo wakati wa mavuno, muombe mama debe moja ulipakie kwenye basi, wala usione haya stendi. Kama unakaa gheto, kutaneni wawili au watatu, mchange unga, mchele na gesi, mpike kwa zamu. Maharage yaloweke usiku, asubuhi mwaga yale maji ndipo uyabandike. Yataiva upesi na mtungi utadumu. Tia mchicha, matembele au kisamvu, na parachichi likipatikana. Chakula hicho ambacho baadhi yenu mnaogopa kukipika mbele ya wenzenu wa mjini kinakupa protini, madini ya chuma na nyuzinyuzi kuliko sahani ya viazi vya kukaanga unayoinunua kwa bei kubwa.

Wasichana, hapa nisikilizeni vizuri. Kila mwezi mnapoteza damu, na kwa mfuko wa mwanafunzi, maharage na mboga za majani ndiyo yanayowarudishia madini ya chuma. Sasa, chai ikinywewa pamoja na maharage huzuia mwili usiyachukue madini hayo ipasavyo. Chapati maharage na chai ni kifungua kinywa cha nchi nzima, siwaambii mkiache. Chai isogezwe mbele kwa saa moja hivi, na pale pembeni ya sahani iwepo chungwa au kipande cha papai, kwa kuwa vitamini C huyasaidia madini ya chuma kuingia mwilini. Ukiona kizunguzungu, moyo unakwenda mbio ukipanda ngazi tu, viganja vimepauka, nenda zahanati ukapime wingi wa damu. Usikubali kuambiwa ni uvivu.

Kabla sijatoka jikoni: watu wa Ngara tumezoea baridi, na tumezoea kuota moto. Jiko la mkaa lisilale na mtu chumbani. Mkaa ukiwaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na mtu aliyelala haamki.

Jambo la pili ni usingizi, na hapa najua mtanibishia. Mnasema msuli unapigwa usiku. Nami nawauliza, ni msuli au ni bando? Kampuni za simu zinauza bando la usiku kwa bei nafuu, na mwanafunzi anayehesabu senti zake anaona ni hasara kulala wakati intaneti ni rahisi. Anaanza na notisi, saa sita anahamia kwenye video, saa tisa bado macho makavu. Kesho yake anainuka na kopo la kinywaji cha kuongeza nguvu, jioni anaongeza jingine. Kafeini haitoki mwilini haraka: saa tano au sita baada ya kunywa, kwa watu wengi nusu yake bado imo. Ukinywa saa nne usiku, saa tisa alfajiri ingali inafanya kazi.

Mtu mzima anahitaji saa saba za usingizi au zaidi. Huo si muda unaoibiwa masomo, kwa sababu ni wakati umelala ndipo ubongo unapoyapanga na kuyahifadhi uliyosoma mchana. Anayekesha usiku wa kuamkia mtihani anaingia na desa kichwani ambalo halijakaa mahali pake. Ukitaka kupiga msuli, piga jioni kwenye kimbweta na wenzako, saa nne au tano ufunge daftari. Na zaidi ya saa ya kulala, shika saa moja ya kuamka, Jumatatu kama Jumapili. Nayasema haya kwa ukali kwa sababu nimeona vijana wenye akili nzuri wakila sup si kwa kukosa uwezo, ila kwa uchovu.

Sasa utaniuliza, dada, haya yote nayajua, mbona siyashiki? Kumbuka Biharamulo. Tarehe 20 Januari 2025 ilitangazwa kwamba ugonjwa wa Marburg umeingia wilayani. Hadi ulipotangazwa kwisha tarehe 13 Machi, wagonjwa wawili walikuwa wamethibitishwa kwa vipimo na wanane walihesabiwa kuwa huenda waliugua, na wote 10 walifariki. Siku zile watu walinawa mikono bila kusukumwa. Hofu ilisaidia, lakini na ndoo ya koki iliyokaa mlangoni, pamoja na sabuni, ilisaidia. Mtu alikuwa hawezi kuingia bila kuikuta. Hofu ikipoa na ndoo ikiondolewa, kunawa kunaondoka navyo.

Ndiyo maana sikutumi ukaape. Iweke ndoo yako mlangoni. Simu ichajiwe upande wa pili wa chumba, mbali na mkono. Chupa ya maji iingie kwenye begi usiku, si asubuhi unapokimbia. Maharage yalowekwe kabla hujapiga mswaki. Na chagua jambo moja tu kwa kuanzia, ulishike mpaka liwe la kawaida, ndipo uongeze la pili. Mazoezi hata sitayazungumza sana: Shirika la Afya Duniani linashauri dakika 150 kwa wiki, na mtu aliyekulia vilima vya Ngara akiacha bodaboda na kutembea kwa haraka kwenda darasani na kurudi, amekwishazipata.

Lipo na hili la barabarani, nami ni dada yenu, sitawaficha. Barabara ya Nyakanazi, Lusahunga, Benaco hadi Rusumo inapitisha malori usiku na mchana, na pesa za barabarani zina sauti tamu kwa mwanafunzi aliyepiga pasi ndefu. Huko vyuoni nako wapo wenye magari yao. Mkoa wetu wa Kagera ndiko walikogunduliwa wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini mwaka 1983, na wengi wetu tuna makaburi nyumbani yanayotukumbusha. Pimeni, tumieni kondomu, na ikitokea kilichotokea, hata kama ni kwa kulazimishwa, wahi kituo cha afya ndani ya saa 72: dawa za kuzuia maambukizi zipo, na zinafaa zaidi kadiri unavyowahi. Nasema na wavulana pia. Na rubisi ya nyumbani usiifananishe na pombe kali za vichupa. Nyingi ya aibu za wikendi zinaanzia hapo.

La mwisho ni moyo. Wengi wenu ni wa kwanza katika ukoo kukanyaga chuo. Baba ameuza kahawa au ng'ombe, kanisa au msikiti umekuombea, kijiji kizima kinakuita mwalimu au daktari kabla hujamaliza muhula. Ni mzigo, na haisaidii kujifanya haupo. Ukikaa wiki mbili hulali, huli, hutaki kuona watu, huoni faida ya kuamka, hiyo inaweza kuwa sonona, na sonona inatibika. Sala ni njema, endelea nayo, na huku uende. Kumuona mtaalamu wa afya ya akili hakumaanishi umefungwa kamba unapelekwa hospitali ya Mirembe. Anza na Mshauri wa Wanafunzi. Ni kazi yake. Piga nyumbani, ongea na yule shangazi au kaka asiyehukumu. Na yakija mawazo ya kujiondoa duniani, usilale peke yako usiku huo: gonga mlango wa mwenzako, mwambie wazi, akupeleke hospitali. Wewe unayegongewa mlango, fungua, na usimwambie ajikaze.

Namba ya Wizara ya Afya ni 199, kupiga ni bure. Bima ya NHIF ya mwanafunzi ni 50,400 kwa mwaka mzima. Nakuomba uilipe wiki ya kwanza bumu linapoingia, kabla ya viatu na kabla ya simu mpya.