Tu wa Nani? Somo Juu ya Jina Letu na Ushindi Wetu

Somo hili ni la kusomwa katika vikundi vya nyumbani na katika mikutano ya Umoja wa Akina Mama. Lakini twawaomba sana akina baba wasiondoke wakidhani kuwa haliwahusu. Mtaona wenyewe kwamba lawahusu kuliko wote. Kabla ya kuendelea, mtu mmoja asome kwa sauti Wagalatia 2:1-5, na mwingine Wakolosai 2:10-15. Someni polepole.

Hapa kwetu Tarime na Serengeti, mgeni akiingia nyumbani hatumwulizi jina tu. Twamwuliza: wewe ni wa nani? Twataka kujua kama ni Mnyabasi au Mtimbaru, Mwiregi au Mnchari. Na upande wa Serengeti, kama ni Mngoreme, Mwikoma au Mnata. Twataka kujua baba yake ni wa rika gani. Swali hilo si baya. Mwinjilisti Luka naye alitaja vizazi vya Bwana wetu, baba kwa baba, mpaka Adamu. Mtu asiye na watu wake anapata taabu, na Mungu hakutuumba tuishi hivyo.

Tena sisi tuliobatizwa tumepewa jibu la pili kwa swali lile lile. Siku ile kasisi alitutaja kwa jina, akatumiminia maji katika jina la Utatu Mtakatifu, akatutia alama ya msalaba katika paji la uso. Mtume Paulo asema katika Wagalatia 3 kwamba wote waliobatizwa wamemvaa Kristo kama mtu avaavyo nguo. Naye Petro, katika waraka wake wa kwanza sura ya 2, awaambia watu waliokuwa si taifa kwamba sasa ni taifa la Mungu. Basi tu wa Kristo. Jambo hilo twalijua, na watoto wa kipaimara huweza kulijibu bila kusita.

Taabu yetu haiko Jumapili. Iko mwezi wa Desemba, katika mwaka ule unaogawanyika kwa mbili.

Wenyeji hatuna haja ya kuelezwa. Shule zimefungwa, mavuno yamepatikana, na wazee wa mila wametoa neno. Mara ngoma zinasikika barabarani, vijana wanakimbia na kuimba, na wasichana waliotoka kwa ngariba wanasindikizwa wamefunikwa khanga, wakipewa fedha na zawadi. Binti aliyebaki nyumbani huchungulia nje. Huyo anaitwa msagane. Wenzake wanamcheka kisimani. Anaambiwa kwamba hafai kufungua lango la zizi, kwamba hataolewa, na kwamba akiolewa ng'ombe watakuwa wachache. Bibi yake analia. Baba yake, ambaye labda ni mzee wa kanisa, anaanza kukohoa na kusema kwamba atafikiri.

Ndugu, hapo ndipo imani yetu inapoulizwa swali. Msagane maana yake, kwa lugha ya waziwazi, ni kwamba mtu huyu bado hajawa mtu kamili. Na sisi kanisani tulisema nini juu ya binti huyo huyo alipobatizwa? Tulisema kwamba amefanywa kiungo cha Kristo, mtoto wa Mungu, na mrithi wa ufalme wa mbinguni. Maneno hayo mawili hayawezi kukaa katika nyumba moja. Ama amekamilika katika Kristo, kama Wakolosai 2:10 inavyofundisha, ama bado kisu cha ngariba kinatakiwa kumalizia kazi ambayo msalaba haukuimaliza.

Jambo la kushangaza ni kwamba Kanisa la kwanza lilipambana na swali linalofanana sana na hili. Kule Galatia walikuja walimu wakiwaambia waamini: kumwamini Yesu ni vizuri, lakini bila kutahiriwa hamjawa watu wa Mungu kamili. Tena walimu hao walikuwa na hoja yenye nguvu kuliko ya wazee wetu, maana Mungu mwenyewe alimwagiza Ibrahimu tohara ya wanaume. Juu ya kumkata mwanamke, Biblia haina agizo hata moja, tangu Mwanzo hadi Ufunuo. Anayemtaja Ibrahimu ili amkekete binti yake ameongeza neno ambalo halikuandikwa. Basi, hata palipokuwa na agizo la kale, Paulo alikataa. Tito, kijana Myunani, alipelekwa Yerusalemu mbele ya wakuu, naye hakulazimishwa kutahiriwa. Paulo asema hawakukubali kushindwa hata kwa saa moja.

Mtu wa pembeni atauliza: mbona katika Matendo 16 Paulo alimtahiri Timotheo? Swali zuri, na linatusaidia kwa wavulana wetu. Timotheo, ambaye mama yake alikuwa Myahudi, alitahiriwa ili njia ya kuwahubiria Wayahudi isifungwe. Hakutahiriwa ili awe Mkristo kamili. Kwa hiyo hatumkatazi baba ampelekaye mwanawe hospitali kutahiriwa, mradi mtoto asifundishwe kwamba huko ndiko alikopata utu. Kwa wasichana jambo ni lingine kabisa. Huko kuna damu, maumivu, uchungu wa uzazi unaozidi, wengine hata kufa. Sheria ya nchi ya mwaka 1998 yakataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18, na adhabu yake ni kifungo cha kuanzia miaka 5 hadi 15, au faini, au vyote viwili. Hata hivyo uchunguzi wa afya wa taifa wa 2015-16 ulikuta kwamba katika mkoa wa Mara wanawake 32 kati ya 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wamekeketwa, ambapo kwa Tanzania nzima ni 10 kati ya 100. Sheria ni njema, lakini wako waliovuka mpaka usiku kwenda Kenya, ambako pia ni marufuku. Mtu anayeogopa watu zaidi ya yote atatafuta njia hata gizani.

Ndipo tunafika kwenye neno ushindi. Siku hizi twalipenda sana neno hili. Twaliimba katika mikutano ya injili kwa vipaza sauti mpaka mbuzi wa jirani wanaamka. Hatuna neno na vipaza sauti. Lakini katika Wakolosai 2:15 ushindi ni jambo lililokwisha kutendeka: pale msalabani Kristo alizivua silaha enzi na mamlaka. Sisi hatuutafuti ushindi huo, wala hatuuleti kwa kukemea. Tunasimama ndani yake. Na kusimama huko huonekana katika mambo madogo, kama baba anayewaambia wazee wa mila, kwa heshima, akiwa amevua kofia, kwamba binti yake hatakwenda. Wakimwambia kwamba laana itaipata nyumba yake, ajibu kwamba Kristo alikwisha kuichukua laana, Wagalatia 3:13. Kisha akae. Mikono huenda ikatetemeka. Twadhani kwamba kutetemeka si kushindwa. Aliyeshindwa ni yule aliyesema Amina mwezi wa Novemba akachinja fahali mwezi wa Desemba.

Tusidhani pia kwamba amri peke yake itatosha. Mwaka 1929, kwa Wakikuyu wa Kenya, wamisheni wa Kiskoti na wa African Inland Mission waliwataka Wakristo waweke sahihi au dole gumba kwamba wameacha kukeketa wasichana. Watu waliita jambo lile kirore. Wengi waliondoka, wakajenga shule zao na makanisa yao, na desturi ikaendelea kwa miaka mingi. Kukataa kwa wamisheni kulikuwa na haki, lakini watu waliona kwamba wanaondolewa utu wao pasipo kupewa mwingine. Huku kwetu kusini, Masasi, Vincent Lucas, ambaye tangu 1926 alikuwa Askofu wa kwanza wa dayosisi ile, alishika njia nyingine kwa wavulana: aliliacha jando liendelee, akaondoa yasiyopatana na Injili, akaweka sala na mafundisho ya Kikristo. Wengine walimlaumu kwamba amelegea. Sisi twaona kwamba alielewa jambo moja: kijana anahitaji siku ya kuambiwa mbele ya watu wote kwamba sasa amekuwa mtu mzima.

Binti zetu nao wanaihitaji siku hiyo. Huko Mugumu iko Nyumba Salama tangu 2014, ambayo imewapokea wasichana waliokimbia kisu, na wilayani Tarime kiko kituo cha Masanga, kilichoanzishwa na ndugu zetu Wakatoliki, ambako wasichana hukaa msimu wote wakifundishwa, kisha hurudi kwao kwa sherehe. Tunamshukuru Mungu kwa milango hiyo. Lakini binti kulazimika kukimbia nyumba ya Mkristo, kupita porini usiku, ili apate usalama, ni aibu yetu. Nyumba yake ingekuwa ndiyo salama.

Basi katika vikundi vyenu jadilianeni hivi. Msagane akiitwa hivyo kisimani na watoto wetu wenyewe wa kwaya, nani atawaonya? Je, mtaa wenu unaweza kuandaa siku ya kuwaombea na kuwapongeza wasichana mbele ya kanisa, pakawa na nyimbo, chakula na zawadi, na wazazi wa ubatizo wakasimama pamoja nao? Ngariba akiokoka, na kazi ile ndiyo iliyokuwa ikimlisha, atalima shamba la nani? Na wale wa kwetu ambao tayari wamekatwa, mama zetu na wake zetu, tuwaambieje neno hili pasipo kuwatia aibu, maana wao pia wamekamilika katika Kristo, wala hawakuulizwa?

Mwisho, akina baba wajibu swali hili wenyewe, mmoja mmoja, akina mama wakisikiliza: kijana wako akitaka kumwoa binti ambaye hakukeketwa, utatoa ng'ombe wangapi?