Ghuba Isiyo na Chumvi: Istilahi na Maji ya Winam

Katika kipindi cha ufahamu huko Kiogoro, mwanafunzi aliniuliza iwapo Winam yastahili kuitwa ghuba ilhali maji yake hayana chumvi. Nilimjibu kwa haraka, tena vibaya. Makala haya yanakusudia kulijibu swali lile upya.

Neno ghuba, lenye asili ya Kiarabu, huashiria umbo wala si ladha: ni maji yaliyojipenyeza ndani ya nchi kavu. Winam ni mkono wa mashariki wa Ziwa Victoria, wenye eneo la takriban kilomita mraba 1,400. Kina chake cha wastani hakifiki mita 10, ilhali cha ziwa zima ni kama mita 40. Jina lenyewe ni la Kijaluo, wi nam, yaani kichwa cha ziwa. Sisi wa milimani husema enyancha, neno lenye udugu wa wazi na nyanza. (Wanaisimu wenzangu wana kazi hapo.)

Tuilinganishe na Ghuba ya Hudson nchini Kanada, ambayo huganda karibu yote kila majira ya baridi. Huko, maji matamu ya mito huelea juu ya maji ya chumvi, na bahari huingia na kutoka kupitia mlango mwembamba. Winam nayo hutawaliwa na mito na mlango, ila haina kupwa na kujaa kwa maana ya pwani. Pepo ndizo huyasukuma maji yake. Mito Nyando na Sondu huleta tope na rutuba, nayo rutuba hulisha magugumaji, ambayo pepo huyakusanya ufuoni Kisumu hadi mashua zikashindwa kupita. Tuta la barabara lililojengwa Mbita mwanzoni mwa miaka ya 1980 liliziba njia mojawapo ya maji, hadi daraja lilipofunguliwa mwaka 2017.

Kosa langu kubwa lilikuwa jingine. Nilimwambia mwanafunzi kwamba udongo wa mashamba yetu huishia Winam. La hasha! Gucha, uitwao Kuja huko chini, huungana na Migori na kumwaga maji yake katika ziwa lenyewe, kusini mwa ghuba. Sondu, upitao mpakani mwa Nyamira, ndio uingiao Winam. Sahihisho hilo nimempelekea kwa maandishi, pamoja na ramani.