UFUPISHO: VIBOKO WA WECHIAU

Ufupisho katika Karatasi ya Pili una alama 15, na majibu yote yako mbele yako kwenye karatasi ya mtihani. Hata hivyo, ni hapa ambapo watahiniwa wengi huteleza. Tatizo huwa si uhaba wa msamiati. Huwa ni kunakili mifano na kuacha hoja. Soma taarifa hii mara mbili. Mara ya kwanza soma ili uelewe. Mara ya pili piga mstari chini ya kila sentensi inayoleta jambo jipya.

*Katika jimbo la Upper West nchini Ghana, mto Black Volta hupita mpakani na Burkina Faso. Viboko wanaoishi humo ni miongoni mwa wachache waliosalia nchini Ghana. Mwishoni mwa miaka ya 1990, machifu na wazee wa Wechiau walitenga ukanda wa kilomita 40 kando ya mto huo kuwa hifadhi. Hawakungoja serikali iwaamuru. Uamuzi wenyewe haukuwa mwepesi, kwani ardhi ya ukingoni ndiyo yenye rutuba. Aliyekuwa akilima pale ilimbidi ahamishie jembe lake penye udongo hafifu, na mwindaji akaambiwa aache silaha nyumbani. Isitoshe, kiboko hutoka majini usiku kutafuta malisho, na akikuta shamba la mtu hachagui.*

*Mgeni anayefika huko hapati hoteli ya kifahari. Hulala katika nyumba ya wageni isiyo na anasa, na usiku wa joto huweza kupanda juu ya paa akalala chini ya nyota. Asubuhi hupelekwa mtoni kwa mtumbwi wa kasia na kiongozi ambaye ni mzaliwa wa hapo, anayejua viboko wameshinda wapi na ni umbali gani asithubutu kuupita. Njiani huonyeshwa ndege wa kila namna. Baadaye hutembezwa katika maboma ya Walobi, yenye kuta nene za udongo na paa bapa ambapo nafaka huanikwa. Huwaona wanawake wakitengeneza mafuta ya shea kutokana na kokwa walizookota, na husikiliza gyil, marimba ya mbao iliyofungiwa vibuyu chini ya vipande vyake. Wenyeji hulipwa kwa huduma hizo.*

*Mapato ya utalii husimamiwa na wenyeji wenyewe. Yamelipa viongozi na walinzi, yamechangia uchimbaji wa visima na kuwasomesha baadhi ya wanafunzi. Mwaka wa 2008 hifadhi hiyo ilipata Tuzo ya Equator, inayotolewa chini ya Umoja wa Mataifa. Hata hivyo, wageni hawaji mwaka mzima. Mvua zikinyesha, njia huharibika na viboko huwa vigumu kuonekana kwa kuwa mto umefurika. Ndiyo sababu biashara ya shea ina umuhimu mkubwa kwa wanawake. Zaidi ya hayo, mkulima aliyeacha shamba lake ukingoni hawezi kuridhika na kisima kilichochimbwa kijiji kingine. Hifadhi itadumu ikiwa yeye pia ataiona faida.*

(a) Fupisha aya ya kwanza kwa maneno 50. (alama 7, 1 ya mtiririko)
(b) Kwa maneno 70, fupisha aya mbili za mwisho. (alama 8, 1 ya mtiririko)

Tuanze na (a). Alama sita ni za hoja, nawe unahitaji hoja sita. Matayarisho yako yawe hivi: viboko ni wachache, machifu na wazee walitenga hifadhi, waliamua bila kuamriwa, uamuzi ulikuwa mgumu kwa sababu ya rutuba, wakulima walihama, wawindaji walizuiwa, viboko huharibu mashamba. Hizo ni saba, na ya saba ni akiba yako iwapo mtahini atakataa mojawapo. Je, kilomita 40? Ni maelezo ya ziada. Ukibanwa na idadi ya maneno, iache.

*Nakala safi:* Viboko wa mto Black Volta ni miongoni mwa wachache waliosalia Ghana. Machifu na wazee wa Wechiau waliamua wenyewe kutenga ukingo wa mto uwe hifadhi. Uamuzi huo ulikuwa mgumu kwa kuwa ardhi hiyo ina rutuba. Wakulima walihamia penye udongo hafifu, wawindaji wakakatazwa kuwinda, na viboko huharibu mazao mashambani.

Hayo ni maneno 47. Tazama jinsi "ahamishie jembe lake" lilivyogeuka kuwa "walihamia". Lugha ya picha hupendeza katika insha, lakini katika ufupisho hula maneno bure.

Sehemu ya (b) ndiyo yenye mtego. Aya ya pili ni tamu, na utamu huo huwaponza watahiniwa: huorodhesha paa, nyota, mtumbwi, kokwa na vibuyu hadi maneno 70 yakaisha kabla hawajafika aya ya tatu. Jiulize vitu hivyo vyote vinathibitisha nini. Kutazama viboko na ndege ni hoja moja. Kujifunza maisha ya Walobi ni hoja nyingine. Kwamba wenyeji hulipwa ni ya tatu. Basi.

Katika aya ya tatu, zungushia duara "hata hivyo" na "zaidi ya hayo". Baada ya maneno kama hayo, mwandishi huwa analeta pingamizi au hoja mpya. Mtahiniwa anayeandika juu ya visima na tuzo pekee ameonyesha upande mmoja wa hifadhi; malalamiko ya mkulima ni hoja kamili yenye alama yake. Nawe usimwongezee hata neno. Ukiandika kwamba mkulima alipwe fidia, umetoa ushauri ambao taarifa haina, hata kama ni mzuri.

Mwisho, jihadhari na upatanisho wa kisarufi. Kiboko mnyama huchukua viambishi vya ngeli ya A-WA: viboko *hawa wamesalia*. Kiboko cha kuchapia kiko katika ngeli ya KI-VI: viboko *hivi vimesalia*. Ukiandika "viboko vilivyosalia Ghana", mtahini atadhani unazungumzia fimbo za walimu. Hata katika taarifa yenyewe, aya ya tatu, kuna sentensi moja ambapo upatanisho huo umekosewa makusudi. Itafute, uisahihishe, kisha uandike nakala yako safi ya (b) kwa dakika 12.