Ulipewa Mtu wa Kumlinda

SOMO LA WIKI: NDOA NA FAMILIA
Andiko la somo: 1 Wafalme 20:35-43
Ya kusoma pamoja nalo: 2 Samueli 11:1-4, 1 Wakorintho 6:12, Waefeso 5:15-16

Somo la wiki hii nimelihubiriwa kabla ya kulihubiri, kwa hivyo niruhusuni nianze na habari zangu mwenyewe.

Mwaka jana, jioni moja, tulikuwa mezani na mke wangu. Akaniambia jambo. Nilikuwa na simu mkononi nikijibu kikundi kimoja cha WhatsApp kuhusu viti vya kukodi vya mkutano wa injili. Bila kuinua macho nikamjibu, "Amina, Mungu ni mwema." Akanyamaza. Akaondoa sahani, akaenda zake. Baada ya kama nusu saa, simu ikalia. Ilikuwa meseji kutoka kwake, na yeye yuko chumba cha pili tu. Aliandika hivi: "Pasta, nimeona hapa ndipo unapopatikana. Nilikwambia mkataba wangu wa kazi umeisha na hawataongeza. Ukasema Amina."

Mke wangu huniita Pasta nikiwa matatani tu.

Niliketi pale sebuleni, sina la kusema. Sikuwa naangalia uchafu. Sikuwa nabeti. Nilikuwa natafuta viti vya kazi ya Mungu! Na bado mtu niliyeapa mbele ya kanisa kwamba nitamtunza alikuwa amepoteza kazi, akaniambia uso kwa uso, na mimi sikuwepo.

Mlinzi aliyeshindwa kujieleza

Usiku huo nilisoma 1 Wafalme 20. Ahabu alikuwa amemshinda Ben-hadadi mfalme wa Shamu, kisha akamwachilia. Mungu akamtuma nabii. Nabii huyo akajifunika uso, akasimama njiani kama askari aliyejeruhiwa, akamlilia mfalme alipopita. Akasema alikuwa vitani, akaletewa mtu amlinde. Akaambiwa, huyu akikosekana utalipa kwa uhai wako, ama ulipe talanta ya fedha. Lakini yeye akawa na shughuli za huku na kule, na alipoangalia, mtu hayupo.

Tazama asichosema askari huyu. Hasemi alilala. Hasemi alilewa. Hasemi mfungwa alikata kamba au alimpiga akamshinda. Anasema tu alikuwa na shughuli. Shughuli gani? Hata jina haina. Na mfalme hakutafakari sana. Akamwambia, hukumu yako umejikatia mwenyewe.

Mpendwa, jana usiku ulikaa kwa TikTok au Facebook saa mbili. Nitajie vitu 3 ulivyoona. Unaona? Huku na kule.

Mkeo si mfungwa, wala mumeo. Lakini ulikabidhiwa, na atakayekuuliza yuko. Mara nyingi mtu wako haondoki na sanduku. Anaondoka kidogo kidogo. Kwanza anaacha kukwambia mambo madogo: bei ya nyanya sokoni, kilichomchekesha kwa matatu. Halafu anaacha kukwambia mambo makubwa. Mtoto naye anaacha kukuletea daftari uone alama zake, kwa sababu mara 3 za mwisho ulisema "ngoja kidogo" na hiyo kidogo haikufika. Siku utakapoinua macho utapata watu wote wako nyumbani, wamelala kwa vitanda vyao, lakini hawako nawe.

Fahamu unachopigana nacho

Nilisoma biashara chuoni kabla ya kuitwa katika huduma, na kuna swali moja wanabiashara hujifunza kuuliza mapema: duka linalokupa kila kitu bure, kodi ya nyumba linalipa na nini? Facebook, YouTube na TikTok hazikulipishi kiingilio. Zinauza matangazo. Kadiri unavyokaa, ndivyo matangazo mengi yanavyopita mbele yako. Kwa hivyo stoo yao imejaa bidhaa moja, nayo ni dakika zako. Baadhi ya dakika hizo ni za mkeo. Nyingine ni za mtoto wako.

Na wameziandalia mtego mzuri. Kitabu kina mwisho wa sura. Gazeti lina ukurasa wa mwisho. Hata ibada yetu, pamoja na urefu wake, ina maombi ya kufunga! Lakini mwaka 2006 mbunifu mmoja wa Marekani, Aza Raskin, alibuni ukurasa usio na mwisho: unasukuma kwa kidole, nao unaendelea kujijaza chini. Baadaye yeye mwenyewe alijitokeza hadharani akajutia jinsi ubunifu huo unavyowashika watu. Mtu akiondoa mlango wa kutokea, usishangae wageni kutoondoka.

Tena kuna ile ya "ngoja nione kama kuna kitu." Mara unapata kitu kizuri, mara hupati. Ndivyo zinavyofanya kazi zile mashine za kamari za sarafu zilizoenea madukani hadi vijijini. Zingetoa pesa kila wakati, ungezichoka. Zisingetoa kamwe, ungeziacha. Kinachomshika mtu ni kutojua. Ndiyo maana unafungua simu mara 10 kwa saa moja, na hakuna aliyekuita.

Nasema haya ili uache kujidanganya kwamba ni jambo dogo utakaloliacha siku ukiamua. Lakini pia sisemi simu ni shetani. Tangu mwaka 2009, kebo za chini ya bahari zilipofika Mombasa, intaneti imefungua milango mingi katika nchi hii. Kuna akina mama wa Kenya wanaofanya kazi Saudia na Qatar ambao huomba na watoto wao usiku kwa video. Simu hiyo inajenga nyumba. Na sadaka zenu wengi mnatuma kwa M-Pesa, kwa hivyo sitawaambia mzitupe! Mtume Paulo anatupa kipimo katika 1 Wakorintho 6:12. Swali lake linavuka kile cha halali na haramu: ni nani bwana kati yako na kitu hicho?

Maswali 3 ya kujipima

Shirika la Afya Duniani limeuweka uraibu wa michezo ya kidijitali katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022. Kukaa kwa simu kwa jumla hakumo kwenye orodha hiyo, lakini alama wanazotumia kwa michezo zinaweza kutusaidia sote kujichunguza.

1. Je, umeshindwa kujizuia? Unasema dakika 5, zinakuwa saa nzima, na ni kila siku.
2. Je, jambo hili limepanda juu ya mengine? Usingizi, chakula, maombi, tendo la ndoa, kazi za shule za watoto, vyote vinangoja simu.
3. Je, unaendelea hata baada ya kuona madhara? Mmegombana kwa ajili yake, umepewa onyo kazini, pesa za karo zimeingia kwa kubeti, na bado unarudi.

Ukijibu ndiyo kwa yote 3, usiseme "ni mazoea tu." Ndugu, umefungwa. Na aliyefungwa anahitaji kusaidiwa.

Daudi alikuwa darini

Katika 2 Samueli 11, Daudi hakuamka akiwa amepanga uzinzi. Ulikuwa wakati wa wafalme kwenda vitani, lakini yeye alibaki Yerusalemu. Jioni akaondoka kitandani, akawa anatembea darini, akiangalia tu. Kutoka kuangalia akaulizia, kutoka kuulizia akatuma watu wamlete. Mwisho wake kulikuwa na kaburi la Uria.

Wengi walionaswa na picha chafu, au na yule rafiki wa zamani aliyewatafuta kwa Facebook, au na kubeti hadi deni la Fuliza haliishi, hawakuanza huko. Walianza kwa kutembea darini. Saa tano usiku, mwenzako amelala, wewe unaangalia tu. Linda dari yako, mpendwa. Hapo ndipo vita vilipo siku hizi.

Fanya hesabu

Mhasibu hakisii, anafungua vitabu. Nilifungua mipangilio ya simu yangu, pale inapoonyesha muda wa matumizi. Ilisema saa 4 kwa siku. Nikatoa saa 1 ya kazi ya kanisa ya kweli kabisa. Zikabaki 3. Mara 365, hizo ni saa 1,095 kwa mwaka, yaani zaidi ya siku 45, usiku na mchana. Nikajiuliza nimezungumza na mke wangu kwa utulivu saa ngapi katika mwaka huo. Sitaandika jibu hapa. Waefeso 5:15-16 inatuita tuishi kwa hekima na tuutumie vizuri wakati tuliopewa. Anza kwa kujua ulikoenda.

Hatua za kuchukua wiki hii

Kwanza, omba msamaha kabla ya kuweka sheria. Baba asianze kwa kuwanyang'anya watoto simu huku yake iko mfukoni. Mimi nilianza kwa mke wangu, usiku uleule, nikiwa nimeiacha simu sebuleni. Nilimwambia, "Hebu niambie tena, tangu mwanzo." Tulizungumza hadi saa saba.

Pili, tafuteni pahali pa simu. Kwetu kuna kiondo ambacho mama mkwe alitupa. Saa moja jioni simu zote zinaingia humo, zangu mbili zikiwa za kwanza, hadi saa tatu. Simu ya dharura italia, tutaisikia. Binti yetu wa miaka 6 ndiye msimamizi, na hana upendeleo: "Baba, saa imefika." Wiki za kwanza mikono yangu ilikuwa inaitafuta simu kama mtu aliyepoteza funguo. Ndipo nilipojua nilikuwa mgonjwa kiasi gani.

Tatu, simu isilale chumbani. Ukisema inakuamsha asubuhi, nunua saa ya kengele.

Nne, usimtulize mtoto kwa simu kila akilia au akikataa uji. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba mtoto wa chini ya miaka 2 asikalishwe mbele ya skrini, na wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa 1 kwa siku. Mtoto akikua anatulizwa na kioo, kesho atakimbilia kioo akiwa na shida, wala si wewe.

Tano, wekeni mambo wazi, lakini msiviziane. Kuamka usiku kupekua simu ya mwenzako hakujawahi kujenga uaminifu. Ketini pamoja mchana. Kama pesa zimeingia kwa kubeti, fungueni taarifa ya M-Pesa mbele ya wote wawili.

Sita, ukishindwa peke yako, njoo. Kwa mtu aliyenaswa na picha chafu au kamari, maombi ni lazima, lakini pia anahitaji mtu wa kumwuliza kila wiki "umeendeleaje?" na pengine mshauri aliyesomea kazi hiyo. Si ukosefu wa imani. Ofisini kwetu hakuna atakayekucheka. Unayesoma naye somo hili leo ni mwenye deni mwenzako.

Mtauliza, mke wako alipata kazi nyingine? Bado, tunapoandika haya. Anashona nguo nyumbani na tunabana matumizi. Lakini juzi alinisimulia mezani kisa kirefu kuhusu zipu iliyomharibikia gauni la mteja. Kisa hakikuwa na umuhimu wowote. Nilimsikiliza hadi mwisho, nikamshukuru Mungu, kwa sababu nilijua nimerudishiwa mambo madogo.

Yule askari aliinua macho akachelewa. Wewe inua yako leo, bado wako hapo.

Ya kujadili kwenye seli na nyumbani

1. Ni jambo gani dogo ambalo mwenzako au mtoto wako ameacha kukwambia siku hizi?
2. Mlinde mtoto aseme: muulizeni kila mmoja, "Nikiwa kwa simu, wewe huhisi nini?" Msimkatize wala msijitetee.
3. Saa zipi nyumbani kwenu ndizo "dari ya Daudi," na mtafanya nini kuhusu saa hizo?
4. Huduma na vikundi vya kanisa vimekuwa kisingizio chako mara ngapi?

Maombi

Baba, ulitupa watu wa kuwalinda, nasi tukawa na shughuli za huku na kule. Tusamehe. Vunja kila kifungo kilichotushika mikono na macho. Wanaoona aibu kusema, wape ujasiri waseme. Rudisha mazungumzo mezani, vicheko sebuleni na amani vyumbani mwetu. Utukute tukiwa macho, na wote uliotukabidhi wakiwepo. Katika jina la Yesu Kristo, Amina.